UVIKO-19 na majibu ya damu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Baba amekutwa na UVIKO-19. Kwa nini daktari anataka damu tena?

Kipimo cha puani kinajibu swali moja tu: virusi vipo au havipo. Hakisemi mwili unapambana navyo vipi. Wengi hupona nyumbani, lakini wapo ambao wiki ya pili hali hubadilika ghafla na pumzi kuwa fupi. Mara nyingi hapo kinachoharibu mapafu ni kinga ya mwili wenyewe, iliyowaka kupita kiasi. Moto huo huacha alama kwenye damu, nazo ndizo daktari anazitafuta.

Kwenye FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, tuangalie nini?

Mstari wa limfosaiti, yaani chembe nyeupe zinazosaka seli zilizoambukizwa. Mtu mzima huwa nazo takriban 1,000 hadi 4,000 katika kila mikrolita ya damu. Ugonjwa ukiwa mkali hushuka, huku nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, zikipanda. Kama hospitali yenu ina uwezo wa kipimo kimoja tu, mimi ningeanza na hiki, kwa kuwa hakina gharama kubwa na kinapatikana hata mbali na mijini. Ila VVU navyo hushusha limfosaiti, kwa hiyo daktari asifichwe hali ya mgonjwa.

Na CRP?

Ni protini inayotengenezwa na ini pale uvimbe wa ndani, yaani ule moto wa kinga, unapoanza popote mwilini. Mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza uliwapa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga, wagonjwa wenye CRP ya 75 au zaidi ambao oksijeni yao kwenye damu ilikuwa chini ya asilimia 92 au walikuwa wakisaidiwa kwa oksijeni. Vifo vilipungua. Lakini malaria nayo hupandisha CRP, na nimonia ya bakteria vilevile. Namba ya siku moja isikutishe. Iliyopanda kutoka 40 jana hadi 120 leo ndiyo ya kuhangaikia.

D-dimer imeandikwa "juu". Ni damu kuganda?

Huenda. Hivyo ni vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha damu iliyoganda. Madaktari wa Wuhan waliochunguza wagonjwa 191 mapema mwaka 2020 waliona kwamba waliolazwa wakiwa na zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Hata hivyo, ujauzito, uzee, saratani na upasuaji wa karibuni huipandisha pia. Mama mjamzito asipoteze usingizi kwa namba hiyo peke yake.

Nina kikohozi na homa tu. Niende maabara kupima haya yote?

Hapana, hifadhi fedha yako. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Mtu mzima akizidi 30, au oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, huo ni ugonjwa mkali. Usingoje ifike huko: ikishuka chini ya 94, nenda hospitali. Na tafadhali sana, oksimita ya kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Mtu akihangaika kupumua, mpelekeni hata kama kifaa kinasema 96.

CRP yangu ni kubwa. Ninunue deksamethasoni?

Usinunue. Nayo ni dawa ya kutuliza kinga. RECOVERY ilionyesha kuwa inapunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia.

Tukimwona daktari, tumuulize nini?

Limfosaiti zinapanda au zinashuka? CRP ilikuwa ngapi juzi, na leo je? Figo zinafanya kazi? Baba anapata dawa ya kuzuia damu kuganda? Halafu mwombeni awaonyeshe karatasi zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa pamoja.