Kabla ya Kuisifu Injini, Itazame Reli: Dhana Potofu Kuhusu Treni za Magogo za Marekani

Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu wa uvunaji wa misitu video ya treni ya mvuke ikipanda mlima huko Cass, katika jimbo la West Virginia, na kila mwaka kabla haijafika nusu yupo atakayenyoosha mkono na kusema kwamba injini ile ina nguvu za ajabu. Kwa mwanafunzi nimezoea. Juma lililopita maneno hayohayo niliyasikia kutoka kwa mzee mwenye kiwanda cha kupasua mbao, mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii, ambaye alikuja kutaka ushauri wa kununua lori kubwa zaidi. Ndipo nilipoamua kuandika.

Dhana: Injini za gia zilipanda milima kwa sababu zilikuwa na nguvu kuliko injini za kawaida

Injini za gia, yaani zile ambazo silinda za mvuke huzungusha magurudumu kupitia gia, hazikuwa na nguvu kuliko nyingine. Nyingi zilikuwa na boila ndogo, na injini ya abiria ya wakati huohuo ingezishinda kwa mbali kama shindano lingekuwa la nguvu tupu. Zilichokuwa nacho ni mshiko, na mtu asiyetofautisha nguvu na mshiko atapoteza fedha zake kwenye reli au kwenye barabara ya udongo.

Gurudumu la chuma juu ya reli kavu ya chuma hushika kwa takriban robo ya uzito unaolikalia. Ukilidai zaidi ya hapo linazunguka bure mahali pake, na reli ikiwa na umande au majani yaliyopondeka linazunguka bure mapema zaidi, na ndiyo maana injini hizi zilibeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Tena si uzito wote wa injini unaohesabika, bali ule tu unaokalia magurudumu yanayosukumwa. Injini ya kawaida, ile yenye fito ndefu za chuma zinazounganisha magurudumu, huburuta nyuma yake behewa la maji na kuni lisilosukuma chochote, na mara nyingi ina magurudumu madogo ya mbele ambayo nayo hayasukumi.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua injini ya kawaida ambayo pamoja na behewa lake la maji ina tani 90, na katika hizo tani 45 zinakalia magurudumu yanayosukumwa. Robo ya 45 ni tani 11 na robo, yaani kilo 11,250 za kuvuta. Kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kila tani inadai kilo 60 ili ipande, na tuongeze kilo 10 za msuguano na kona. Gawanya 11,250 kwa 70, unapata tani 160, ambazo ukiondoa tani 90 za injini yenyewe zinabaki tani 70 za mzigo. Sasa chukua injini ya gia yenye uzito uleule wa tani 90, ambayo magurudumu yake yote, hata yale yaliyo chini ya tangi la maji, yanasukumwa. Mshiko wake ni kilo 22,500, uzito wote unaoweza kupanda ni tani 321, na mzigo ni tani 231. Ni zaidi ya mara tatu, wala hatujaongeza hata kijiko cha mvuke. Ukubwa wa boila unaamua tu ni kwa mwendo gani mzigo huo utapanda, na mwendo haukuwa haja ya mtu yeyote msituni.

Ephraim Shay hakufika hapo kwa kutafuta nguvu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao huko Haring, Michigan, na katika miaka ya 1870 alikuwa na njia yake ya reli za mbao ambapo farasi walivuta magogo. Kwenye mteremko mabehewa yaliwakimbilia farasi kwa nyuma, na alipojaribu injini ndogo ya kawaida, uzito wake uliokusanyika mahali pamoja na mapigo ya fito zake viliziharibu reli za mbao. Swali lake, basi, lilikuwa la reli: ni mashine gani itakayopita juu ya njia hii dhaifu bila kuivunja? Jibu lake lilipata hataza tarehe 14 Juni 1881, na karakana ya Lima, katika jimbo la Ohio, ikaendelea kuziunda hadi mwaka 1945, zikafikia zaidi ya 2,700.

Itazame kwa makini injini hiyo, ambayo nayo huitwa Shay. Silinda zake zimesimama wima ubavuni kulia, na boila imesogezwa kushoto ili kusawazisha uzito. Silinda zinazungusha shafti ndefu inayopita nje ya magurudumu, yenye viungo vinavyojikunja na vipande vinavyoingiana na kutoka, na kila gurudumu la upande huo lina gia inayoshikana na shafti. Magurudumu yamefungwa manne manne kwenye vigari vinavyogeuka kwa uhuru, kwa hiyo reli ikipinda kigari kinapinda nayo, na reli ikididimia upande mmoja kigari kinainama bila kuiacha. Injini ya kawaida yenye mhimili mrefu usiopinda ingetoka nje kwenye kona kama hizo, kwa sababu mafundi wa msituni walitandika mataruma juu ya udongo mtupu, wakazunguka visiki badala ya kuving'oa, na wakajenga madaraja kwa magogo ya mviringo yaliyopangwa kama kuni. Huko Cass mwinuko unafika 11 kwa 100, na pale mlima uliposhindikana kuzungukwa treni ilipanda kwa kwenda mbele, kusimama, kisha kurudi kinyumenyume kwenye njia ya juu yake.

Kuna pia mlio wa harakaharaka unaowadanganya watazamaji wa video, na sababu yake ni gia. Injini ya kawaida ya silinda mbili hutoa pumzi nne za moshi kila gurudumu linapozunguka mara moja. Shay ya silinda tatu hutoa pumzi sita kila shafti inapozunguka, na shafti kwa kawaida huzunguka zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa gurudumu, ambalo nalo ni dogo. Ukifumba macho utadhani treni ya abiria inapita kwa kasi. Ukifumbua unaona kitu ambacho kijana mwenye baiskeli angekipita. Pumzi hizo za karibukaribu zina faida nyingine pia, kwa kuwa mzunguko unakuwa laini, hauna mshtuko, na gurudumu lisiloshtuliwa haliteleziteleza.

Shay hakuwa peke yake. Kampuni ya Climax ya Corry, Pennsylvania, ilianza kuunda injini za gia mwaka 1888, na Charles Heisler alipata hataza ya aina yake mwaka 1892, zenye silinda mbili zilizokaa kama herufi V chini ya boila. Mashabiki wanaweza kubishana hadi alfajiri kuhusu ipi iliyokuwa bora. Kwangu hizo tatu ni ndugu, maana kila moja inasukuma magurudumu yote na kila moja inapinda pamoja na njia.

Wanaosifu nguvu za kupanda husahau pia kwamba mara nyingi magogo yalikuwa juu na kiwanda kilikuwa chini, yaani treni ilipanda na mabehewa matupu na kushuka na mzigo. Hatari kubwa ilikuwa kushuka. Wafanyakazi walitembea juu ya magogo yenyewe wakikaza breki za mkono behewa baada ya behewa, na mshiko uleule uliosaidia kupanda ndio uliozuia injini isisukumwe na mzigo wake kama wale farasi wa Shay. Yule mzee wa lori nilimwuliza maswali mawili tu, kwamba ni magurudumu mangapi ya lori lake yanayosukumwa, na barabara yake ya kutoka shambani imewekwa nini juu yake mvua ikinyesha. La pili hakuwa na jibu lake, na nikamshauri fedha za lori azimwage kwenye kifusi na mifereji kwanza.

Dhana: Reli ilikuja kuchukua nafasi ya mto

Mwanzoni reli ilikuwa mtumishi wa mto. Winfield Scott Gerrish alianza kuendesha reli yake ya magogo katika wilaya ya Clare, Michigan, mwaka 1877, na kazi yake ilikuwa kuyafikisha magogo kwenye mto Muskegon, ambao uliyabeba hadi viwandani. Adui yake alikuwa hali ya hewa. Magogo yaliburutwa kwa sleji juu ya barafu wakati wa baridi, na majira ya baridi ya 1877 hadi 1878 yalipopita karibu bila theluji, wengine walikaa na magogo yao msituni huku treni ya Gerrish ikiendelea na safari. Baada ya hapo hapakuhitajika mhubiri wa kuwashawishi.

Kilichoivunja ndoa ya reli na mto baadaye ni aina ya miti. Msonobari mweupe huelea. Mwaloni na miti mingine migumu huzama au huelea kwa shida, na gogo lililozama mtoni ni hasara. Misitu ya miti migumu iliyokuwa mbali na reli ilibaki imesimama hadi reli ilipoifikia.

Dhana: Treni ililichukua gogo pale mti ulipoangukia

Reli ilifika karibu, haikufika kila kisiki. Kutoka kisikini magogo yaliburutwa na ng'ombe au farasi, au yalining'inizwa chini ya magurudumu makubwa yaliyomzidi mtu kimo, ya aina aliyoiunda Silas Overpack huko Manistee, Michigan, au yalivutwa kwa kamba na winchi ya mvuke, ambayo John Dolbeer wa Eureka, California, aliibuni mwaka 1881. Eneo likiisha miti, reli za tawi hilo ziling'olewa na kutandikwa bonde la pili, ndiyo maana leo ukitembea katika misitu hiyo unakuta matuta marefu yasiyoelekea popote. Na palipokuwa na mteremko ambao hata injini ya Shay isingeuweza, walitumia kamba tangu juu hadi chini. Wanafunzi wanaotoka Lushoto huwakumbusha wenzao juu ya njia ya kamba iliyojengwa wakati wa Wajerumani kushusha mierezi ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Usambara, na huo ni mfano mzuri kuliko mingi ninayoitoa mimi.

Dhana: Bwawa la kiwanda lilikuwa la kuoshea magogo

Kuosha kulikuwa faida ya pembeni, ingawa mnoaji wa misumeno aliishukuru, kwani mchanga kwenye gome humaliza meno. Gogo lililo majini halipasuki ncha kwa kukauka, halishambuliwi kirahisi na wadudu wala ukungu, haliungui, na mtu mmoja mwenye upondo mrefu analisogeza kwa mkono wakati nchi kavu lingehitaji farasi. Katika majimbo ya baridi walipitisha mvuke majini ili bwawa lisigande na msumeno usilale wakati wa baridi.

Dhana: Msumeno wa mkanda ulipendwa kwa sababu ulikata kwa kasi

Dhana hii inaniudhi kwa sababu bado inawagharimu watu wetu. Msumeno wa duara wa enzi hizo ulikula njia ya hata milimita 8. Ukipasua mbao za unene wa milimita 25, kila baada ya mbao tatu umegeuza karibu ubao mzima kuwa vumbi. Mkanda unaokula milimita 3 utapasua mbao nane kabla ya kufikia hasara hiyo. Tena duara halikati kina kinachofika nusu ya kipenyo chake, ndiyo maana kwa magogo makubwa walilazimika kuweka maduara mawili, moja juu ya jingine, na bado kulikuwa na gogo lililowashinda. Mkanda ulipoenea tangu miaka ya 1880, mnoaji akawa miongoni mwa watu waliolipwa vizuri zaidi kiwandani, kwa kuwa mkanda mwembamba usionolewa na kunyooshwa ipasavyo hutangatanga ndani ya gogo na kutoa mbao nene huku, nyembamba kule. Anayenunua mkanda leo na kumwachia kijana mwenye tupa ajue ananunua hasara yenye mlio mtamu.

Dhana: Viwanda hivyo vilimaliza misitu kwa kuni za boila

Boila ziliteketeza vumbi la mbao, magome na mabanzi yaliyotoka kwenye msumeno wenyewe, yaliyopelekwa kwenye tanuru kwa mikanda na minyororo. Shida ilikuwa ziada, na viwanda vingi vilijenga tanuru refu la kuchomea tu mabaki yasiyohitajika.

Dhana: Treni za magogo zilikoma miti ilipokwisha

Mahali pengine ndivyo ilivyokuwa, lakini kwingi lori na barabara ya kifusi viliishinda reli kwa gharama, msitu ukiwa bado umesimama. Shay ya mwisho, ya takriban tani 147, ilitoka Lima mwaka 1945 kwa ajili ya njia ya makaa ya mawe, si ya magogo. Kiwanda cha Cass, mji ulioanzishwa mwaka 1901 na kampuni ya karatasi iliyotaka miti ya milimani, kilifungwa mwaka 1960. Jimbo likanunua reli na injini, na tangu mwaka 1963 mabehewa ya magogo yaliyofungwa viti hubeba watalii kupanda mlima uleule. Ile Shay ya mwisho nayo iliishia huko, na ndiyo ninayowaonyesha wanafunzi kwenye video. Mwaka huu nitaizima sauti kwanza.