Je, wajua jinsi reli ndogo ya mfano na mji wake vinavyoenea juu ya ubao wa mita moja?

Lamu haina reli. Mpango wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara na reli, umeonyesha njia ya treni itakayotoka bandari ya Lamu hadi Isiolo, kisha iendelee kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, lakini njia hiyo haijajengwa. Mkaazi wa mtaa wa Mkomani au Langoni anayetamani kuiona treni ikiingia mjini mwake anaweza kuijenga ikiwa ndogo, juu ya ubao, ndani ya chumba chake. Swali la kwanza ni la nafasi, kwa kuwa vyumba vya nyumba za kale za Lamu, ambazo dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ni virefu na vyembamba.

Jibu huanzia kwenye skeli, yaani kiasi ambacho vitu vya kweli hupunguzwa. Skeli ya N hupunguza kila kitu mara 160, hivyo nyumba ya ghorofa ya mita 10 huwa na kimo cha sentimita 6 hivi, na punda wa mita moja huwa milimita 6. Njia yake ina upana wa milimita 9, unaolingana na reli ya SGR iliyoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Anayeipenda zaidi reli ya zamani ya Kenya, yenye upana wa mita moja, ataweka njia ya milimita 6.5 ya skeli ndogo zaidi iitwayo Z chini ya mabehewa yaliyopimwa kwa 1:160, kwani mita moja ikigawanywa kwa 160 ni milimita 6.25.

Kinachokula nafasi hasa ni kona. Kona ya reli ya kweli yenye nusu kipenyo cha mita 100, ambayo kwa treni ni kali mno, bado hudai duara lenye kipenyo cha sentimita 125 katika skeli hiyo. Zipo kona kali zaidi madukani, ila kwa maoni yangu mjenzi wa mji mdogo na aliache duara kabisa, aweke njia iliyonyooka ambayo injini haihitaji kwenda mbali kwa sababu ina kazi palepale ya kupanga mabehewa.

Kazi hiyo ilibuniwa vizuri na Mwingereza Alan Wright katika mpangilio uitwao Inglenook Sidings. Swichi mbili tu, yaani sehemu ambapo reli hugawanyika, hugawa njia tatu: moja huchukua mabehewa matano, mbili zilizobaki huchukua matatu matatu, na upande wa pili wa swichi huachwa nafasi ya injini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Mchezaji huchagua kwa bahati nasibu matano na mfuatano wake, kisha huyavuta na kuyasukuma mpaka treni ipangike vivyo hivyo, na mifuatano inayoweza kutokea ni 6,720. Kwa mabehewa mafupi ya N, yote haya huenea kwenye ubao wa mita moja hivi, nao upana wa sentimita 30 unatosha.

Linalobaki ni kulizuia jicho lisione mwisho wa ubao, na hapa mji wa Lamu unamsaidia mjenzi kuliko miji mingi. Nyumba za nyuma zijengwe nusu, yaani ukuta wa mbele tu wenye unene wa sentimita 2 au 3 uliobandikwa kwenye mchoro wa anga. Kuta za mawe za Lamu, zenye madirisha machache upande wa njiani, hazihitaji zaidi. Pale reli inapotoka nje ya mandhari pawekwe wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ili treni ipite chini yake na kupotea. Wikio la kweli lilijengwa kwa ajili ya watu na punda, kwa hiyo litainuliwa kidogo: treni yenye kimo cha mita 4 inataka uwazi wa sentimita 3.

Reli zenyewe zisiwe za chuma kitupu, maana hewa ya chumvi huzila upesi. Zichaguliwe za aloi ya shaba, nikeli na zinki, na zifutwe mara kwa mara kwa kitambaa chenye spiriti, umeme ukiwa umezimwa.