Bawa Halipaswi Kung'aa

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja gereji kwangu hapa Minnesota, akainama juu ya bawa la mbele la Long-EZ, ndege ndogo ninayoijenga, akalipitishia kiganja na kusema: "Shem, mbona umelibania rezini? Hata haling'ai." Ametengeneza boti za faiba Mombasa miaka mingi, kwa hiyo nilimjibu kwa adabu. Lakini yeye ni mtu wa nne mwaka huu kuniambia hivyo, na adabu yenyewe sasa imekwisha.

Halipaswi kung'aa! Bawa ni povu lililofunikwa kitambaa cha nyuzi za glasi, nacho kimeloweshwa rezini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Likilazwa vizuri limefifia, na ukiliinamia unauona msuko wa kitambaa uzi kwa uzi. Panapong'aa pana dimbwi la rezini ambalo halifanyi kazi yoyote, linapanda ndege bure kama konda.

Mzigo unabebwa na nyuzi. Ugumu wa glasi unazidi ule wa epoksi, rezini ninayotumia, zaidi ya mara 20. Rezini ipo ili nyuzi zisihame na zisijikunje zinaposukumwa, basi. Kamba ya katani hata uichovye kwenye gundi mara kumi, haigeuki kuwa kamba mbili.

Kwa vipimo: BID, kitambaa cha glasi ninachotumia, ina gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Inataka rezini ya gramu 165 hadi 200, yaani asilimia 35 hadi 40 ya uzito wote. Ukiiacha inang'aa, unafika gramu 350 bila kujijua. Chukua mita za mraba 15 za ngozi ya mabawa, tabaka mbili, kila tabaka limezidi gramu 150: hizo ni kilo nne na nusu.

Simlaumu shemeji, maana najua alikoitoa imani hiyo. Boti nyingi hujengwa kwa mati, nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo, na mati hunywa rezini mara mbili ya uzito wake, hata zaidi. Ukiibania inabaki na mapengo. Tena boti ikizidi kilo ishirini, bahari inabeba. Kwa hiyo mkono wa fundi wa boti umezoea kumimina, na kwa kazi yake uko sahihi kabisa. Tatizo linaanza mkono huohuo ukishika BID.

Mengine ya boti niyapitie haraka. Poliesta, rezini ya boti, inayeyusha stairofomu, lile povu la ndani ya bawa, usiilete karibu. Kikausho cha poliesta unaweza kukipunguza au kukiongeza kidogo kufuata joto la siku. Cha epoksi hakiongezwi hata tone, unafuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, kwa mizani. Waya wa moto wa kukatia povu ni wa stairofomu peke yake, kwani povu la urethani likikatwa kwa moto hutoa gesi ya sumu. Haya, tuendelee.

Shemeji hakukubali, tukafanya jaribio. Tulikata vipande viwili vya BID, tabaka nne kila kimoja, upana wa vidole vitatu. Kimoja nilikikamua kwa kibao cha plastiki hadi kibao kikawa kinatoka kikavu. Cha pili alikilaza yeye, kikang'aa kama kioo. Kesho yake akavikunja kwa mikono. Chake kilikuwa kigumu zaidi, na si kwa kubahatisha. Akanitazama tu. Nami nikanyamaza.

Hapo ndipo imani hii inapopata mizizi, na wanaoipinga huwa wanaparuka. Kipande chake kilikuwa kinene zaidi, na ugumu wa kitu kinachokunjwa unapanda haraka sana unene ukiongezeka, hata kama kilichoongezwa ni rezini tupu. Mkono haudanganyi, unajibu swali lingine. Ngozi ya bawa haikunjwi kama rula. Iko juu na chini ya povu, ile ya juu inasukumwa, ya chini inavutwa, na unene wote wa bawa umekwisha kuletwa na stairofomu isiyo na uzito wa maana. Pale, rezini ya ziada haiongezi karibu kitu. Ukitaka bawa gumu zaidi, kwa uzito uleule ongeza glasi.

Na uzito wa Long-EZ una chuki na nyuma. Injini iko mkiani, na ndege yenyewe ikiegeshwa hupiga magoti kama ngamia, gurudumu la mbele likiwa limekunjwa, kwa sababu rubani akishuka inaweza kukaa kitako. Kila kilo ya rezini uliyoimwaga kwenye mabawa makuu na vibawa vya wima, navyo viko nyuma, huenda ukaijibu kwa uzito wa madini ya risasi puani ili kusawazisha. Unabeba mizigo miwili. Burt Rutan aliyeibuni Long-EZ ndiye aliyebuni Voyager, ndege iliyoizunguka dunia bila kutua mwaka 1986. Mwili wa ndege hiyo ulikuwa na kilo 426 hivi na ulibeba mafuta ya zaidi ya tani tatu. Sidhani kama mwili ule uling'aa.

Sasa yanayoninyima usingizi. Rezini pungufu ni mbaya kuliko rezini nyingi. Doa jeupe ni nyuzi kavu, na nyuzi kavu zikisukumwa zinajikunja. Kwa hiyo kwenye kona na ukingo wa nyuma mimi mwenyewe huacha unyevu zaidi kidogo kuliko ninavyohubiri. Na bawa likishakauka nalipiga kwa sarafu nikisikiliza: mlio mkavu ni salama, mlio mfu ni pengo. Lakini sarafu haiwezi kuniambia asilimia ya rezini. Kinachobaki ni kupima kabla na baada, na kujiamini kwamba saa nne usiku, gereji ikiwa na nyuzijoto 15 na rezini nzito kama asali, nilikamua sawasawa. Kuna ubavu mmoja wa bawa la kushoto ambao siuamini. Nimeupima mara tatu.

Jumamosi tunalaza kibawa cha kulia. Shemeji ameomba ashike kopo la rezini. Nimempa mkasi.