Vidonge vya steroidi: usijianzishie, na ukishaanzishiwa usiviache ghafla

Kwa muda sasa dirisha letu la dawa linapokea wagonjwa wanaofanana. Uso umejaa na kuwa wa mviringo, mikono na mapaja yamekonda, sukari imepanda, presha haishuki, na kwenye faili hakuna steroidi wala dawa nyingine yoyote inayoweza kuleta hali hiyo. Ukimuuliza taratibu, anatoa kwenye mkoba chupa ya "dawa ya mifupa" isiyo na lebo, au vidonge vidogo alivyopewa na shoga yake ili anenepe. Malalamiko yameongezeka, na sisi wa famasi ya hospitali ya rufaa tumeona ni wajibu wetu kueleza.

Nianze kwa kusema kwamba prednisoloni na deksamethasoni, ambazo ni steroidi, si sumu. Ni dawa muhimu sana. Huokoa mgonjwa wa pumu iliyobana, na mama mwenye uchungu wa mapema huchomwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, na ndani ya siku chache mtu aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake Kendall na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini wagonjwa wale wa mwanzo walipoachishwa dawa, viungo vilivimba tena, na waliotumia kwa muda mrefu walianza kuonyesha madhara. Jambo hilo limejulikana tangu wakati huo. Steroidi hutuliza uvimbe. Ugonjwa ulioleta uvimbe unabaki palepale.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Akiambiwa ana lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo steroidi hutumika kuyatuliza, na kwamba "kinga ya mwili ina matatizo," mgonjwa anaogopa kuwa ni UKIMWI, na ndugu wanakimbilia kumnunulia dawa za kuongeza kinga. Naomba tuelewane. Katika magonjwa haya kinga haijapungua. Ina nguvu, ila imekosa mwelekeo, na inashambulia viungo, ngozi au figo za mwenyewe. Kuichochea zaidi hakumsaidii mgonjwa. Tumeshaeleza hili mara nyingi kliniki, na bado chupa za "kuongeza CD4", yaani chembe za kinga, zinaingia wodini zikiwa zimefungwa kwenye khanga.

Wakati wa UVIKO-19 tuliona jinsi habari ya kweli inavyoweza kutumiwa vibaya. Utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza, uliotangazwa Juni 2020, ulionyesha kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, hadi siku 10, zilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Waliokuwa wakipewa oksijeni tu nao walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote, na kulikuwa na dalili kwamba huenda dawa iliwadhuru. Septemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao si mkali. Sehemu hiyo ya pili haikusambaa kwenye simu za watu, na wapo walioendelea kununua deksamethasoni kila wanapopata mafua.

Jambo linalotutisha zaidi ni kuacha ghafla. Juu ya kila figo kuna tezi ya adreno, inayotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ukimeza vidonge kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hizo hupumzika kwa kuwa mwili unapata steroidi kutoka nje. Ukiacha leo, kesho mwili hauna cha nje wala cha ndani. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, anazimia. Akipata malaria kali au akiingia chumba cha upasuaji akiwa katika hali hiyo, anaweza kufa, na daktari asiyejua historia yake atahangaika kutafuta sababu. Ndiyo maana dozi hushushwa kidogokidogo, kwa wiki na wakati mwingine kwa miezi. Ndiyo maana pia tunawasihi wenye chupa zisizo na lebo wasizitupe kwa hofu baada ya kusoma makala haya. Njooni nazo kwanza.

Udogo wa kidonge usimdanganye mtu. Miligramu 0.75 za deksamethasoni zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni.

Steroidi pia huamsha yaliyolala. Kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuibuka. Wapo minyoo waitwao strongiloidi, wanaoingia kupitia ngozi ya anayetembea pekupeku; mtu huishi nao miaka bila kujua, kisha kinga ikishushwa na steroidi wanasambaa mwili mzima. Kabla ya kuanza dozi kubwa tunauliza kikohozi, jasho la usiku, sukari, presha na ujauzito, na wakati mwingine tunatoa aivamektini, dawa ya minyoo, kwanza. Muuza dawa wa stendi haulizi lolote kati ya hayo.

Matibabu ya sasa yanalenga kupunguza steroidi. Katika lupasi wataalamu wanapendekeza haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza kinga isiyo steroidi, kwa karibu kila mgonjwa, na prednisoloni isizidi miligramu 5 kwa siku pale ugonjwa unapotulia. Kwa baridi yabisi tunatumia methotreksati, nayo ni ya kutuliza kinga, ambayo humezwa mara moja kwa WIKI. Narudia: kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa na kuandikwa kwenye pakiti. Kuimeza kila siku kumeua watu katika nchi nyingi. Mjamzito haruhusiwi kuitumia kabisa. Wanaofunga Ramadhani waje kabla ya mwezi kuandama tuwapangie muda wa kumeza dawa, wasiruke dozi.

Mengine yanaleta matumaini. Nobeli ya Tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, waliogundua chembe za kinga zinazozuia nyenzake zisishambulie mwili. Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari wamechukua chembe za kinga za wagonjwa wa lupasi, wakazibadilisha maabara na kuwarudishia, na taarifa ya mwaka 2024 kuhusu wagonjwa 15, wanane kati yao wakiwa na lupasi, ilionyesha kwamba waliweza kuacha dawa zao. Ni idadi ndogo, na bado ni utafiti. Anayewatangazia mtandaoni kwamba anauza tiba hiyo anawaibia.

Kuhusu sheria: hapa Tanzania, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inakataza kuuza dawa ambayo haijasajiliwa. Mganga wa tiba asili anasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usajili huo haumpi ruhusa ya kuchanganya deksamethasoni kwenye unga wa mizizi. Mkaguzi akikamata bidhaa, sampuli inafungwa kwa lakiri na kupelekwa maabara. Ikithibitika, shehena huteketezwa na jalada hupelekwa kwa vyombo vya sheria. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na famasi inayohusika inaweza kufutiwa kibali.

Ukipata madhara, njoo na pakiti au chupa hata kama imebaki tone. Tutahitaji jina la dawa kama lipo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, tarehe uliyoanza, kiasi ulichomeza kwa siku, na dawa nyingine zote unazotumia, za asili zikiwemo. Mhudumu atajaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo huenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Jina lako halitangazwi. Fomu hiyo si kesi ya madai wala haikupi fidia, na hatuwezi kukuahidi kwamba muuzaji atakamatwa. Ukiwa umetumia kwa zaidi ya wiki tatu, endelea na dozi uliyokuwa ukimeza hadi daktari akuone, na uje siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Usiogope kufokewa. Tukijua umemeza nini na kwa muda gani, tutaweza kukupangia namna ya kushuka salama.