Barabara Humfundisha Dereva: Dhana Potofu Kuhusu Kutembea kwa Miguu Katika Mji Mdogo

Mtu akigongwa na gari katikati ya mji mdogo, maneno yatakayofuata unaweza kuyataja kabla hayajasemwa. Alikuwa anavuka macho yakiwa kwenye simu. Kivuko kipo, hakukitumia. Liwekwe tuta. Lijengwe daraja la juu. Wiki mbili baadaye kivuko cha pundamilia kinapakwa rangi upya, watu wanashukuru, na barabara inabaki vilevile ilivyokuwa siku ya ajali: pana, imenyooka, inamkaribisha dereva akanyage mafuta.

Maneno hayo hayasemwi na wajinga. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi. Kasoro yake ni kwamba huanzia kwa anayetembea, na kumsahau aliyechora barabara.

"Waenda kwa miguu ni wazembe, wafundishwe"

Wazembe wapo, sibishi. Lakini kabla ya kumwita mtu mzembe, simama pale anapovukia "ovyo" uangalie kwa nini anavukia hapo. Mara nyingi utakuta kituo cha basi upande huu, lango la shule upande wa pili, na kivuko rasmi kimewekwa mita 150 mbele. Kukifuata, kuvuka na kurudi ni mita 300, dakika nne na ushee kwa mwenye hatua ya kawaida, ili tu avuke lami ya mita saba. Nani kati yetu angefanya hivyo kila asubuhi, mvua ikinyesha? Nyasi zilizokanyagwa mpaka zikawa kijia pembeni mwa barabara zimeshachora ramani. Kivuko kihamie huko.

Na wapo wasiofundishika hata ukiwafundisha, kwa sababu ya umri tu. Mtoto wa miaka sita bado hajakomaa kiasi cha kukadiria gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Kichwa chake kinafichwa na gari lililoegeshwa, kwa hiyo dereva hamwoni, naye hamwoni dereva. Mzee naye anaijua sheria kuliko sisi sote, ila miguu haikubali kuharakishwa. Bunge la Uswidi lililizingatia hilo mwaka 1997 lilipopitisha Nollvisionen, yaani dira ya vifo sifuri. Msingi wake ni kwamba binadamu atakosea tu, basi barabara ijengwe ili kosa la kawaida lisigharimu uhai, na anayeibuni barabara abebe sehemu ya wajibu.

"Hamsini mjini ni mwendo wa taratibu"

Kwa aliyeketi ndani ya gari, ni kweli. Sasa chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kwa kilomita 30 kwa saa, jingine 50. Mtoto anachomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa, mita 14 mbele yao. Madereva wote wawili wako makini, na kila mmoja anahitaji kama sekunde moja kutambua kilichotokea na kuhamishia mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la kwanza limesogea mita nane na kidogo. Kwenye lami kavu litahitaji kama mita tano nyingine, na litasimama pungufu ya hatua moja kabla ya kumfikia mtoto. La pili, katika sekunde ileile, limesogea karibu mita 14. Dereva wake ndiyo kwanza anagusa breki, na mtoto anagongwa na 50 kamili.

Watu husikia "tofauti ya 20 tu" wakadhani matokeo nayo hutofautiana kidogo. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari la 50 linabeba karibu mara tatu ya nishati ya lile la 30. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila wastani wa kasi unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takribani asilimia 4. Na muda anaoupoteza dereva? Kilomita moja kwa 30 ni dakika mbili, kwa 50 ni sekunde 72. Tofauti ni sekunde 48, na hapo tumejifanya hakuna njia panda, hakuna gari la mbele, hakuna anayekata kona.

"Wekeni kibao cha 30, yaishe"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo miji mingi inapojidanganya kwa nia njema.

Kibao peke yake kina kazi, lakini ndogo. Uingereza ilipochunguza mitaa iliyowekewa kikomo cha maili 20 kwa saa (kama kilomita 32) kwa vibao tu, bila kubadilisha kitu kingine, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 mwendo ulionekana kushuka kwa kama maili moja kwa saa. Wales ilikwenda mbali zaidi: Septemba 2023 kikomo cha kawaida kwenye barabara za makazi kikashushwa kutoka maili 30 hadi 20, nchi nzima kwa mkupuo, na mwaka uliofuata majeruhi kwenye barabara za aina hiyo wakapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo anayesema vibao havina maana kabisa naye anakosea.

Ila dereva hasomi kibao muda wote. Anachosoma muda wote ni barabara. Njia ya gari yenye upana wa mita tatu na nusu au zaidi, iliyonyooka hadi upeo wa macho, inamwambia akimbie, hata kibao kikisema 30. Ukiipunguza hadi mita tatu, ukapanda miti pembeni, ukaifanya ipinde kidogo mahali, mguu wake unalegea wenyewe bila askari kuonekana.

Angalia pia kona, kitu ambacho karibu hakuna anayekizungumzia kwenye vikao. Kona iliyochorwa kwa mviringo mkubwa, ili lori lipite bila kuhangaika, inaruhusu gari dogo kukata bila kupunguza mwendo. Wakati huohuo inaongeza urefu wa kuvuka kwa aliyesimama pembeni, tena inamlazimu atazame nyuma ya bega lake kuona nani anakuja. Ukiikaza kona hiyo, gari linageuka kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na anayevuka ana hatua chache tu. Lori? Lori linapita mara chache kwa siku, litachota kidogo njia ya pili na kuendelea na safari.

Tuta nalo lina ufundi wake. Tuta kali, moja, katikati ya barabara ndefu humfanya dereva afunge breki, aruke, kisha akanyage mafuta kufidia. Matuta ya mwinuko mpole yaliyopangwa kwa umbali unaofanana hushusha mwendo wa barabara nzima. Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuinua kivuko chenyewe kiwe sawa na njia ya miguu: uso bapa, kingo za mteremko, pundamilia juu yake. Gari ndilo linalopanda kuingia eneo la watu. Mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto wanapita bila kushuka wala kupanda.

"Pundamilia ikishachorwa, watu wako salama"

Marekani ilichapisha mwaka 2005 utafiti mkubwa uliolinganisha vivuko vilivyochorwa na mahali pasipochorwa kitu. Kwenye barabara za njia mbili, rangi peke yake haikuleta tofauti. Kwenye barabara za njia nyingi zenye magari zaidi ya 12,000 kwa siku na zisizo na kisiwa cha kati, yaani sehemu iliyoinuliwa ya kusimamia katikati ya barabara, vivuko vyenye rangi tu vilikuwa na ajali nyingi zaidi.

Sababu moja unaweza kuiona ukisimama hapo nusu saa. Gari la njia ya pembeni linasimama kwa ustaarabu, dereva anapunga mkono, mama anaanza kuvuka. Gari hilo hilo la mstaarabu limekuwa ukuta. Anayekuja kwenye njia ya pili anaona gari limesimama, hajui kwa nini, analipita. Mama anatokeza mbele ya pua ya lile gari na hapo hapo wanakutana.

Dawa yake ni kisiwa cha kusubiria katikati, ili mtu avuke nusu, apumue, aangalie upande mmoja tu, avuke nusu ya pili. Barabara ya mita 14 inamchukua mtu mzima sekunde kama 12 bila kusimama. Mzee anayekwenda sentimita 80 kwa sekunde anahitaji zaidi ya 17, na kwa sekunde hizo zote anategemea huruma za watu asiowajua.

Usiku kuna jambo jingine. Taa iliyowekwa juu kabisa ya kivuko, au nyuma yake, inamfanya mtu aonekane kama kivuli cheusi. Inatakiwa isimame mita chache kabla ya kivuko, upande gari linakotokea, imulike mwili wake kwa mbele. Nguzo ni ileile na balbu ni ileile.

"Daraja la juu ndiyo suluhisho la kudumu"

Juu ya barabara kuu ya mwendo kasi, sawa. Katikati ya mji mdogo, daraja ni namna ya kumwondoa mtu njiani ili gari lisisumbuke. Ili lori lipite chini, daraja linahitaji kimo cha kama mita tano, yaani ngazi 30 kupanda na 30 kushuka. Kama ni mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12, ni mita 60 kila upande. Watafiti wa Uingereza walionyesha tangu 1965 kwamba njia ya darajani ikichukua mara moja na nusu ya muda wa kuvuka chini, karibu hakuna atakayeipanda. Halafu tunawaita wazembe.

"Uzio wa chuma pembeni unawalinda"

Unawabana. Kensington High Street jijini London iliondolewa sehemu kubwa ya uzio wake miaka ya 2000, na majeruhi walipungua.

"Mkibana magari, biashara zitakufa"

Hofu hii naielewa, maana mwenye duka anamwona mteja aliyeegesha mlangoni na kumkumbuka. Waliokuja kwa miguu hawaoni wametokea wapi. Huko Bristol, wenye maduka walipoulizwa mwaka 2006, walikadiria kuwa asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari. Wateja wenyewe walipohesabiwa, walikuwa asilimia 22.

Pontevedra, mji wa watu 80,000 na ushee kaskazini-magharibi mwa Hispania, ulianza kuondoa magari yanayokatiza katikati ya mji mwaka 1999. Kwenye mitaa ambako watu 30 walikufa kwa ajali kati ya 1996 na 2006, miaka kumi iliyofuata walikufa watatu. Na wakati miji mingine ya eneo lile ilikuwa ikipoteza watu, katikati ya Pontevedra paliongeza wakazi wapya wapatao 12,000. Magari ya kushusha mizigo bado yanaingia, ya wakazi yanaingia, ya wagonjwa yanaingia. Kilichokatazwa ni kupita tu na kuzunguka kutafuta maegesho.

"Haya ni ya miji mikubwa yenye fedha"

Hoboken, mji wa watu kama 60,000 katika jimbo la New Jersey, ulipitisha miaka saba tangu Januari 2017 bila mtu kufa kwa ajali kwenye barabara zake. Moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuzuia magari kuegesha karibu na njia panda, ili anayevuka na anayekuja waonane. Hiyo ni rangi, nguzo za plastiki, na msimamo mbele ya watakaolalamikia nafasi moja ya maegesho.

Mji mdogo una tatizo lake la pekee, na hilo hasa ndilo la kushughulikia kwanza: barabara kuu inayoupasua katikati. Dereva ametoka nusu saa nzima kwenye 90 au 100. Macho na masikio yameshazoea, na akishuka hadi 60 anajiona anatambaa. Huwezi kumkabidhi kibao kimoja kwenye kingo za mji ukategemea abadilike. Anahitaji lango: kipilefti kidogo, au kisiwa kinachoilazimisha barabara kupinda, lami ya rangi nyingine, miti iliyosogezwa karibu, taa za barabarani zinazoanzia hapo hapo. Ndani ya mita 100 mwili wake lazima uhisi kwamba safari imeisha na kijiwe kimeanza.

Na kabla ya kumwaga zege, jaribuni kwa wiki sita. Pangeni koni na mapipa ya maua pale mnapotaka kona ikazwe, chora kisiwa kwa rangi, kisha mtu mmoja akae kivulini na daftari, ahesabu ni madereva wangapi kati ya mia wanasimama mtu akiweka mguu kwenye kivuko. Ahesabu wiki moja kabla na wiki moja baada. Akiwa bado yupo hapo, aombe mkasi wa bustani akate ule ua ulioota mpaka ukafunika kona, kwa sababu umeficha watoto wanaotoka shule tangu masika.