Uwakilishi: nani amekaa upande wa pili wa dirisha?

Neno uwakilishi likitajwa, wengi tunawaza mbunge. Mimi huwaza dirisha. Niliwahi kufuata karatasi kwenye ofisi moja mkoani kwetu Kigoma, na karani, kijana wa kutoka mbali, aliposikia lafudhi yangu ya Kiha akaniuliza babu yangu kazikwa wapi. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, naye hakuwa na sikio la kuvitenganisha, akanidhania Mrundi. Angekuwepo mwenzake mmoja tu mle ndani anayeijua Kasulu, swali lile lisingeulizwa.

Huo ni uwakilishi wa kufanana: anayehudumia anatoka mnakotoka, au amepita mlikopita. Upo na wa pili, wa kutetea, ambapo mtu anayasukuma mambo yenu hata kama hatoki kwenu. Hivi viwili havifuatani lazima. Diwani aweza kuwa binamu yako na daraja likabaki limevunjika miaka mitano.

Kwa mhamiaji mambo ni mazito zaidi, maana yeye huanza kwa kuulizwa kama anastahili hata kuwakilishwa. Tazama Ulyankulu, mkoani Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi huko, na pia Katumba na Mishamo. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe walipewa, wakalima mahindi na tumbaku. Kura hawakupewa.

Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo matatu, lakini vyeti vilichelewa hadi mwishoni mwa 2014. Mpango wa awali ulitaka kwanza wahame, watawanywe mikoa mingine. Baadaye ukaachwa. Ungetimizwa, wangekuwa raia lakini wachache kila walipo, na sauti ya wachache waliotawanyika haimpeleki mtu kwenye baraza la madiwani.

Uraia wao unaitwa wa tajnisi, yaani wa kuomba na kukubaliwa. Aliyenao anaruhusiwa kupiga kura, kugombea udiwani au ubunge, na kuomba kazi serikalini. Asichoweza ni urais: Katiba, ibara ya 39, inataka raia wa kuzaliwa. Hapo kuna kichekesho kidogo, kwa kuwa wengi wa waliotajinisiwa walizaliwa hapahapa nchini na Burundi hawajawahi kuishi.

Wapo watakaosema nchi yetu haikujengwa kwa kila mtu kuhudumiwa na wa kwao. Ni kweli. Mwalimu wa Kilimanjaro hupangiwa Kaliua, muuguzi wa Mtwara akaja Kibondo, na utaratibu huo umetuchanganya vizuri, sitaki ufutwe. Sidai mafungu ya ajira kwa kabila wala kwa asili. Ninachosema ni kwamba kijana wa Ulyankulu akifaulu usaili, jina lake la Kirundi lisimrudishe kwenye swali la kaburi la babu.

Wamanyema wa Ujiji nao mababu zao walivuka Ziwa Tanganyika wakitokea Kongo, karne ya 19. Leo nani atamwita Mmanyema mgeni pale Ujiji? Na mtoto aliyezaliwa Ulyankulu baada ya wazazi wake kupata vyeti hahitaji tena neno tajnisi. Kwa sheria ni raia wa kuzaliwa, na hata ibara ya 39 haimzuii.