Je, wajua kwa nini fundi anaingiza kamba ndani ya silinda kabla ya kutoa springi za valvu?

Mara ya kwanza kuona hiyo kitu nilikuwa Walukuba, hapa hapa Jinja, kwa mzee mmoja fundi ambaye hana gereji, anatengenezea magari ya watu chini ya mwembe wake tu. Kulikuwa na Kikumi iko wazi boneti. Kikumi ni ile Corolla AE100 ya miaka ya tisini, Waganda walishika ile mia ya kwenye jina, na mia kwa Kiganda ni kikumi, basi jina likabaki. Kifuniko cha juu ya injini kimetolewa, kamshafti zote mbili, zile fimbo zinazofungua valvu, zimelazwa kwenye kitambaa safi, na kwenye tundu la plagi ya kwanza kumetokeza kamba ya nailoni ya bluu, ile ile wavuvi wa Masese wanafungia mitumbwi, imepigwa fundo mwishoni. Nikamuuliza, mzee, sasa kamba inafanya nini ndani ya injini? Akajibu bila kuinua kichwa: "Inashika valvu, kijana wangu. Nikitoa springi bila hiyo kamba valvu inaanguka ndani, na hapo kazi ya leo inakuwa kazi ya wiki."

Baadaye na mimi nimefanya kazi hiyo nyumbani kwa gari yangu, na watu wengi wameniuliza swali lile lile nililomuuliza mzee, kwa hiyo acha nieleze vizuri maana nyuma ya hiyo kamba kuna mambo mengi matamu.

Anza na valvu yenyewe. Valvu ni kama uyoga wa chuma, kichwa chake kiko chini ndani ya silinda na mguu wake umepanda juu kupitia silinda hedi, kile kipande kizito kinachofunika silinda kwa juu. Kamshafti ina vinundu vyenye umbo la yai, kinundu kikizunguka kinabonyeza valvu iende chini, tundu linafunguka, hewa na petroli vinaingia au moshi unatoka. Sasa kitu ambacho wengi hawakifikirii ni hiki, kamshafti inajua kufungua tu, kufunga haijui kabisa. Kazi ya kuirudisha valvu juu ni ya springi peke yake. Na hiyo springi imeshikana na valvu kwa kibati cha juu na vipande viwili vidogo vya chuma, kila kimoja kama nusu pete, vinabana shingo ya mguu wa valvu. Vinaenea kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukivitoa hivyo viwili springi inachomoka, na valvu haina tena mtu wa kuishika, inateleza chini kwenye silinda.

Kazi ya springi ni nzito kuliko inavyoonekana. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, ile fimbo kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Toka Jinja mpaka Kampala ni kama kilomita 80, na foleni ya Mukono unaweza kutumia saa mbili, tuseme injini ilikuwa kwenye 2500 kwa wastani, ukipiga hesabu kila springi imebanwa na kuachiliwa mara 150,000 kwa safari hiyo moja ya kwenda tu. Injini ya Kikumi, 5A, ina valvu 16. Zidisha mwenyewe.

Springi ikichoka haikatiki lazima, mara nyingi inapungua nguvu tu. Ukienda pole pole husikii kitu, ila ukikanyaga mafuta kupanda mlima, kinundu kinapita haraka kuliko springi inavyoweza kurudisha valvu, valvu inabaki hewani kidogo, haifungi kwa wakati wake, nguvu inapotea na gari inakohoa. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinatumia nafasi moja kwa zamu, kama 1NZ iliyo kwenye Toyota nyingi za hapa, valvu ikichelewa sana inaweza kugongwa na pistoni ikapinda. Ndiyo maana watu wa mbio walihangaika sana na hii springi. Mercedes-Benz kwenye gari lao la mashindano la 1954, W196, waliweka mkono wa chuma wa kufunga valvu badala ya kuitegemea springi, Ducati wakafuata njia hiyo kwenye pikipiki yao ya mbio mwaka 1956 na mpaka leo wanatengeneza pikipiki za namna hiyo. Renault nao mwaka 1986 kwenye Formula 1 wakatoa springi ya chuma kabisa wakaweka hewa iliyobanwa. Sisi wa kawaida tunabaki na springi, na kwa kweli springi nzuri inafanya kazi miaka mingi sana.

Kwa nini watu wanabadilisha kamshafti na springi kwa pamoja? Kwanza kwenye injini kama hii lazima utoe kamshafti ndiyo uzione springi, kwa hiyo ukishafika pale na springi zina miaka thelathini, kuziacha ni kujipa kazi mara mbili. Pili, vinundu vya kamshafti vikiliwa mara nyingi ni kwa sababu ya oili chafu au oili iliyopungua, na sili ndogo za mpira zilizo kwenye mguu wa valvu nazo zinakuwa zimekauka, hizo ndizo zinaleta moshi wa bluu asubuhi ukiwasha. Ukitoa springi sili iko hapo chini yake, ibadilishe, ni bei ndogo. Tatu, kama unaweka kamshafti tofauti na ile ya kiwandani, yenye kinundu kirefu zaidi, springi ya zamani inaweza kubanwa mpaka mizunguko yake ikagusana, na hapo kitu lazima kivunjike. Kwa gari ya nyumbani mimi nasema baki na umbo la kiwandani.

Sasa turudi kwenye kamba. Kuna njia kubwa tatu. Ya kwanza ni kushusha silinda hedi yote, lakini hapo unanunua gasketi mpya, pengine na bolti mpya za hedi, unapeleka hedi ikapimwe kama imepinda, ni sawa kama kuna kasoro nyingine ila kwa springi peke yake ni kazi kubwa bure. Ya pili ni kuweka hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, hewa inasukuma valvu juu, njia nzuri kabisa, ila pistoni isipokaa juu sawasawa hewa inaisukuma chini na krenki inazunguka ghafla mkono wako uko pale, na kwetu umeme unaondoka bila kuaga, valvu inabaki bila msukumo wakati springi iko mkononi. Ya tatu ndiyo kamba. Kuna wanaosema leta tu pistoni juu kabisa, valvu itaangukia juu yake haitapotea. Ni kweli haipotei, lakini inashuka kidogo, na ukibonyeza kibati valvu inashuka nacho, vile vipande viwili havitaki kutoka na kurudisha ni mateso zaidi. Kamba inajaza ile nafasi yote, inakuwa mto mgumu chini ya valvu.

Inafanywa hivi. Unashusha pistoni kama nusu ya safari yake. Unaingiza kamba kwenye tundu la plagi, unasukuma pole pole mpaka imejikunja kunja ndani na haiendi tena, halafu kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki unazungusha kwa mkono, kwa mkono kabisa na siyo kwa stata, pistoni inapanda na kubana kamba dhidi ya vichwa vya valvu mpaka unahisi imegoma. Basi. Valvu za silinda hiyo haziendi popote. Ukimaliza unarudisha krenki nyuma kidogo, kamba inalegea, unaivuta, unaenda silinda ya pili. Kwenye injini ambazo kamshafti bado iko ndani ni lazima pistoni iwe inapanda kwa zamu ya kubana, valvu zote zimefunga, la sivyo kamba itasukuma valvu iliyo wazi na kuipinda. Kwenye Kikumi hilo halikusumbui, kamshafti zimeshatoka na springi zenyewe zimefunga kila kitu.

Kamba iwe nailoni mpya ya kusokotwa vizuri, unene wa milimita 6 mpaka 8 maana tundu la plagi lenyewe ni 14, urefu kama mita moja na nusu. Usitumie katani, inaacha nyuzi ndani. Choma ncha ya kuingia na moto iyeyuke isifumuke, na ncha ya nje piga fundo kubwa. Na safisha kwanza eneo lote la plagi, hapa kwetu vumbi jekundu la marami linakaa kwenye kila shimo, likidondoka ndani linakwangua silinda.

Mahali ambapo watu wanaharibu zaidi siyo kwenye springi, ni kwenye kutoa kamshafti. Ile kamshafti inakaa juu ya springi zinazosukuma kwenda juu, baadhi tu ya vinundu vimebonyeza, kwa hiyo ukifungua kofia zake, vile vibano vinavyoishikilia kwa juu, upande mmoja mpaka mwisho halafu upande mwingine, kamshafti inainuka mshazari na inaweza kukatika, au ule ukingo wa hedi unaoizuia isitembee mbele na nyuma ukapasuka, na hapo hedi imekwisha. Fungua kila bolti robo mzunguko, zunguka zote, rudia, mpaka zote zimelegea sawa. Kwenye Kikumi beliti inazungusha kamshafti moja na hiyo moja inazungusha mwenzake kwa gia, na kwenye gia kuna gia ya pili nyembamba yenye springi yake ya kuondoa kelele, ifunge na bolti ndogo ya milimita 6 kabla hujatoa. Kila kofia ina namba na mshale, na kila kikombe kilicho chini ya kinundu kirudi kwenye shimo lake lile lile, mimi nilitumia trei ya mayai nikaandika namba kwa kalamu.

Springi zangu nilizisimamisha zote kwenye kioo cha dirisha, nikaona mbili fupi kuliko wenzake, na moja ya valvu ya kutolea moshi silinda ya tatu ilikuwa imevunjika mzunguko wa chini kabisa. Hiyo moja ndiyo ilinisumbua miezi mitatu, nimeuziwa plagi, nimeuziwa koili, kila anayeangalia anasema ni umeme. Nyingine mpya nilipata Kisekka, soko la vipuri kule Kampala, na kamshafti pia, ilitoka kwenye injini ya Japani iliyotumika, nilivipima vinundu kwa mikromita pale pale dukani kabla ya kutoa hela, na muuzaji aliniachia bila shida.

Vaa miwani wakati wa kubana springi, na watoto wakae mbali. Vile vipande viwili paka grisi kidogo vishike kwenye mguu wa valvu, na funika mashimo yote ya oili kwa vitambaa, kikidondoka kimoja humo utakitafuta mpaka usiku. Ukishaachia springi gonga juu ya mguu wa valvu taratibu kwa nyundo ya mpira, kamba bado iko ndani, uhakikishe vimekaa.

Kamshafti mpya ipakwe grisi ya kufungia injini kwenye vinundu vyote, kofia zikazwe kidogo kidogo kama zilivyofunguliwa, kwa injini za Toyota za familia hii ya A nguvu ya kukazia ni nyutoni mita 13 tu, chini ya wengi wanavyodhani. Pima nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya kinundu na kikombe chake, injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa ni 0.15 mpaka 0.25 milimita, za moshi zinahitaji zaidi maana zinapata moto na kurefuka, na kwa sababu kamshafti imebadilika lazima utabadilisha vile visahani vya kurekebishia mwanya huo, usitegemee vitaingia tu. Panga alama za beliti, halafu zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, hiyo ni sawa na mmoja wa kamshafti, kila valvu imefanya zamu yake. Ikigoma mahali simama, usilazimishe.

Kwa wenye injini za zamani ambazo kamshafti iko chini kwenye bloku na inafungua valvu kwa kusukuma fito, kama 4K ya Toyota, kuna jambo moja la ziada kubwa sana. Ikiwaka tu usiiache mwendo wa taratibu, ipeleke kwenye 2000 na kuendelea kwa dakika 20 hivi, maana vinundu vyake vinapata oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka pole pole hairushi ya kutosha, kamshafti mpya inaweza kuliwa siku hiyo hiyo. Tapeti, vile vikombe vilivyo kati ya kinundu na fito, nazo lazima ziwe mpya, zile za zamani zimeshazoeana na vinundu vya zamani.

Yangu iliwaka mara ya pili. Sekunde chache za kwanza ilipiga kelele juu mpaka oili ilipofika, halafu ikatulia. Kabla ya kurudisha plagi nilikuwa nimemulika tochi kwenye kila tundu, silinda zote nne, kuhakikisha hakuna hata uzi mmoja wa bluu uliobaki ndani.